Kifungu cha Nne na Kaburi la Kotile

Kwa miaka sita nilikuwa mtu pekee katika ghorofa nzima asiyejua kupiga saluti, na bado majenerali walisimama wakinisubiri nimalize chai. Nazidisha kidogo. Alisimama mmoja, mara moja, na nadhani alikuwa anatafuta kofia yake. Lakini cheo kilikuwa cha kweli. Serikali ilinipa ofisi, sekretari, na kazi ya kusimamia watumishi wa jeshi na utayari wao. Mambo ya vita yalikuwa ya wenye magwanda. Yangu mimi raia yalikuwa kujua kila askari yuko wapi, afya yake ikoje, amefunzwa nini, likizo yake ni lini, na king'ora kikilia leo hii ni wangapi watakuwa mahali pao. Kila mwezi taarifa ilikwenda kwa waziri ikiwa na safu mbili, ya waliopo na ya wasiokuwepo. Ile ya pili niliichukia kama kiroboto ndani ya soksi.

Mimi ni mtoto wa Garissa, na elimu yangu ni ya jioni. Mchana nilikuwa mlinzi wa ghala la nafaka sokoni. Magharibi ikishaswaliwa nilikwenda ngumbaru, shule ya watu wazima, nikakaa benchi moja na mchinjaji, muuza maji wa mkokoteni wa punda, na mzee mmoja aliyekuwa na wajukuu wengi kuliko vitabu vya shule nzima. Hapo ndipo nilipopata cheti cha kidato cha nne, na hicho cheti ndicho kilichonivuta taratibu, kutoka karani hadi afisa, kutoka afisa hadi kiti kile cha ngozi kule Nairobi.

Baba yangu alifariki asubuhi moja, nikiwa nimebakisha wiki mbili kufanya mtihani. Kabla ya alasiri tulikuwa tumemwosha, tumemswalia na kumzika, kama tunavyofanya kwetu siku zote. Jioni akaja mwalimu wetu, mtu wa bara, hajamaliza hata mwaka Garissa. Shati limepigwa pasi, daftari la michango liko kwapani. Akaniuliza polepole, "Mazishi yatakuwa lini, ndugu yangu, ili darasa lijipange?"

"Mwalimu, tumeshamzika."

"Leo?"

"Leo."

Akakaa juu ya jerikeni kama aliyekatwa miguu. "Na jeneza mlinunua saa ngapi?"

"Hatutumii jeneza, mwalimu."

Akaliangalia lile daftari, alilokwisha kulipigia mistari kwa rula. "Sasa hii kamati niliyounda," akasema, "nitaiambia ifanye nini?"

Kisa hicho nimekisimulia Nairobi mara elfu moja. Watu walikuwa wanacheka hadi wanashika meza. Msomaji akikumbuke, maana nitakirudia.

Mwaka wangu wa kwanza ofisini niliona ruhusa za msiba zinatutoboa kama mchwa. Kulikuwa na askari mmoja ambaye bibi yake alikufa, kwa hesabu yangu, mara saba, na kila mara akazikwa tarafa tofauti. Nikakaa na wenzangu wa kamati, nikaandika kanuni mpya kwa mkono wangu. Kifungu cha nne kilisema askari aliye kwenye kikosi cha utayari atapewa ruhusa ya msiba akileta kibali cha mazishi na tarehe ya mazishi yajayo, iliyothibitishwa na chifu, na ruhusa ianze siku mbili kabla ya tarehe hiyo. Kilikuwa kifungu safi kama maji ya chupa. Wakati wa chai, kabla hatujakipitisha, niliwasimulia wanakamati kisa cha mwalimu na daftari lake. Walicheka sana. Kisha tukarudi ndani tukapitisha kifungu cha nne, na mimi ndiye niliyeinua mkono kwanza. Waziri aliniandikia barua ya pongezi.

Miaka mitatu baadaye faili likafika mezani kwangu. Lilikuwa la koplo mmoja wa kikosi cha utayari, fundi wa visima na pampu za maji. Kamanda wake alikuwa ameandika pembeni kwamba mtu huyu akiondoka, kambi mbili zitakunywa vumbi. Aliondoka kambini bila ruhusa, akakaa nje siku tisa, kisha akarudi mwenyewe, akagonga lango na kumtajia askari wa zamu jina lake. Pendekezo lilikuwa afukuzwe jeshini. Kwa kuwa mafundi kama yeye walikuwa adimu, kufukuzwa kwake kulihitaji sahihi yangu, nami nilipewa siku kumi na nne.

Ndani ya faili mlikuwa na maombi yake mawili. La kwanza la Alhamisi, saa moja asubuhi. Baba yake amefariki alfajiri, nyumbani, Kotile. Kwenye nafasi ya tarehe ya mazishi aliandika neno moja, *leo*. Chini yake karani wa kambi ameandika kwa mwandiko mzuri, "Mazishi yatakuwa yamefanyika kabla mwombaji hajafika. Kwa kifungu cha nne, ruhusa haipo." La pili la Ijumaa. Anaomba akakae na mama yake katika siku za tanzia. Karani yule yule, "Kifungu cha nne hakitaji kukaa na mama."

Sikuweza kumlaumu karani. Alisoma kilichoandikwa. Nilisoma faili mara tatu, na mara ya tatu nilifunga mlango, kwa sababu nilimwona mwalimu wangu ameketi juu ya jerikeni, na safari hii hakukuwa na kicheko. Mimi, niliyemzika baba yangu kabla ya alasiri, nilikuwa nimewaandikia watoto wa kwetu kanuni ya watu wanaozika baada ya wiki mbili.

Nikitia sahihi, kijana anapoteza kazi kwa kosa lililoanzia kwenye kalamu yangu. Nikikataa, kila mtu ofisini atasoma jina lake, atasoma langu, na atasema mzee anaokoa wa kwao. Nilifikiria yote mawili kwa siku nne. Siku ya tano nilimwambia sekretari naenda nyumbani.

Kutoka Garissa nilitaka kwenda Kotile na gari moja, kimya kimya, kutoa pole kama jirani. Wakubwa wa usalama hawakusikia habari hiyo. Nikafuatwa na vumbi la magari mawili ya askari, vumbi refu ambalo nina hakika lilionekana Wajir.

Nje ya nyumba alinipokea mzee mwembamba, kaka wa mjane, yaani mjomba wa koplo. Aliwatazama askari wangu wakiteremka, akawahesabu kwa kidole.

"Wanane," akasema. "Umekuja na bunduki nane kumsalimu mwanamke mmoja aliye ndani ya eda."

"Wananilinda mimi tu, adeer," nikasema, kama tunavyomwita mzee kwa heshima.

"Na nani? Na mbuzi?"

"Ndivyo kanuni ilivyo."

"Ah. Nyinyi na kanuni." Akanitandikia mkeka. "Kaa. Hao wanane waambie wakae kule kwenye kivuli cha mgunga, wasinitishie ndama."

Mjane alikuwa ndani. Mumewe hakuwa na miezi miwili kaburini, na eda ya kwetu ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo hakutoka. Aliongea kutoka nyuma ya pazia la mlango, nami sikumwona uso hata mara moja. Tuliongea Kisomali. Nayaweka hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyakumbuka, na katika haya sikuzidisha kitu.

Nilitoa pole. Nilimwombea marehemu. Alijibu kila dua, kisha akaniita, "Hooyo." Kwetu mama humwita mtoto kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia mama.

"Labeka, hooyo."

"Mwanangu alisema kuna maandishi yaliyomzuia. Yanataka maiti asubiri."

"Yapo."

"Aliyeandika ni Mwislamu?"

Mzee aliacha kumimina chai. Nilisema, "Ni Mwislamu."

"Wa wapi?"

"Wa Garissa."

Askari mmoja kule kwenye mgunga alikohoa, na mwenzake akamnyamazisha.

"Ana mama?"

"Anaye. Yuko hai."

"Basi mama yake hajui anachoandika huko mjini."

"Hajui," nikasema. "Hooyo, aliyeandika ni mimi."

Mzee aliweka birika chini. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka bila ubishi. Lakini sauti ya ndani haikupanda wala kushuka.

"Nilijua. Serikali haiji Kotile kuleta pole ya mtu mwingine." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Mwanangu alifika siku ya tatu, amevaa nguo za mjomba wake ili asijulikane. Mjomba wake huyu ndiye aliyemwonyesha kaburi. Mtoto anaonyeshwa baba yake alipo, kama mgeni anayeonyeshwa njia ya kisima. Alisimama dakika tano, gari likasikika barabarani, akakimbilia ndani. Siku zilizobaki alikaa hapa nilipo mimi, nyuma ya pazia hili, kama naye yuko edani."

Mzee akasema, "Nilimwambia hata ndevu afunike kwa shuka. Tulicheka. Tufanyeje?"

"Nitafanya ninachoweza asifukuzwe," nikasema.

"Kwa sababu ni wa kwenu?"

Niligeuza kikombe mkononi. Hakusubiri jibu.

"Usinirudishie mtoto kwa mlango wa nyuma," akasema. "Ametoka kambini kama mwizi, amekuja kwa baba yake kama mwizi. Ukimwombea kwa sababu ya ukoo, atakaa huko maisha yake yote kama mwizi. Kama kosa ni la maandishi, sema ni la maandishi. Na kama yeye naye ana kosa, mpigeni kwa kosa lake."

"Ana kosa lake," nikasema.

"Najua. Nimemlea. Nayajua makosa yake kabla yenu."

Nilikunywa chai yote, tamu ya kuunganisha meno, kwa sababu mzee alisema asiyemaliza chai ya tanzia anaibeba njiani. Sijawahi kusikia mila hiyo mahali pengine popote na nadhani aliitunga pale pale.

Nairobi niliandika barua ndefu kuliko barabara ya Modogashe. Nilieleza fiqhi ya mazishi, nilieleza jiografia, nilieleza joto la Kotile na maiti. Kisha nikafuta yote nikabaki na mistari sita. Nilisema kifungu cha nne ni kazi ya mkono wangu. Kwamba kinampa ruhusa askari ambaye dini yake inamruhusu kusubiri na kumnyima ambaye dini yake haimruhusu. Kwamba nililijua hilo tangu utotoni na bado niliinua mkono. Kwamba koplo ametenda kosa la kuondoka bila ruhusa na anastahili adhabu ya kosa hilo, si zaidi. Kwamba ninajitoa katika uamuzi wa faili lake, mwingine aamue. Na kwamba barua hii iwekwe ndani ya faili hilo, pia ndani ya langu.

Waziri alinipigia simu. "Unajua maana ya huo mstari wa mwisho?"

"Najua, mheshimiwa."

"Kifungu ungekirekebisha kimya kimya. Nani angeuliza?"

"Kuna mama mmoja Kotile alishauliza."

"Wewe siku zote una visa vya kuchekesha," akasema. "Hiki hakichekeshi."

"Hapana, mheshimiwa."

Mwenzangu aliyepewa faili aliamua. Koplo akavuliwa cheo, akafungiwa kambini majuma matatu, na akabaki jeshini. Kifungu cha nne kikaandikwa upya. Ruhusa inaanza habari inapofika, na karatasi zinafuata nyuma. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Hawakusema sababu nami sikuuliza. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Kabla ya hayo, eda ya mjane ilikwisha, na kijana, sasa askari wa kawaida tena, akaomba likizo yake ya mwaka kama mtu yeyote. Alipewa. Siku ya tatu ya likizo hiyo simu yangu ililia, ni yule mzee wa Kotile. Sijui namba yangu aliipata wapi. Mzee wa namna ile angepata hata ya rais.

"Mtu wako yuko huku," akasema.

"Hajambo?"

"Yuko kwenye kaburi la baba yake tangu asubuhi, na sasa ni adhuhuri. Ana ile karatasi yenu ya ruhusa mfukoni, anamwonyesha kila anayepita, hata asiyemwuliza. Amemwonyesha mchunga ngamia asiyejua kusoma." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nimempelekea chai. Hajainywa."

"Mama yake?"

"Ametoka nje. Amekaa mlangoni, anamtazama kwa mbali."

Mwisho wa mwezi taarifa ya utayari ililetwa nitie sahihi. Nilipita haraka safu ya waliopo. Nikafika kwenye ile ya pili, nikapeleka kidole chini polepole, kambi kwa kambi, hadi kwenye kambi ya yule fundi wa visima. Wasiokuwepo, mmoja. Katika miaka yote ile ya kuhesabu watu, huyo ndiye wa kwanza niliyejua hasa amekaa wapi na anatazama nini. Nikatia sahihi.