Namna Mama Angela Alivyoachana na Rambo

Fausta Melkizedek aliuza rambo, mifuko ya plastiki, katika soko la Kilosa tangu alipofiwa na mumewe. Alizifunga kwa rangi, nyeusi peke yake na za bluu peke yake, akapita nazo kwa wauza nyanya na dagaa. Majirani walimwita Mama Angela, kwa jina la bintiye aliyeolewa Mikumi, lakini sokoni walimwita Mama Rambo, naye akaitika. Ilikuwa biashara isiyosumbua. Rambo haiozi, panya haili, na jioni mtu unabana mtaji wako wote kwapani unarudi nyumbani.

Nyumbani kwake mtaa wa Magomeni, hapohapo Kilosa, kulikuwa na cherehani ya marehemu Amon, mumewe, aliyekuwa fundi wa sare za shule. Zamani Fausta alikaa pembeni yake akishona vifungo na kupinda mikono ya mashati. Baada ya msiba aliifunika kitambaa cha mezani, akaweka redio juu yake, na hakuigusa tena.

Kila asubuhi aliletewa maziwa na Limi, mke wa mfugaji mmoja wa Kisukuma aitwaye Pastory. Walikuwa wamehamia Masanze kutoka Shinyanga, na Limi alikuja kwa baiskeli, madumu yakiwa yamefungwa nyuma kwa mpira. Mwanzoni Fausta aliyapokea maziwa mlangoni na kumuaga hapohapo. Yeye alizaliwa Kidete, na huko ng'ombe wa wafugaji waliwahi kuingia shambani kwa baba yake wakati mahindi yamebeba. Kesi ilifika ofisi ya kijiji, watu wakatoleana maneno mazito. Kaka yake Yared, anayelima shamba hilo mpaka leo, alikuwa hamsalimii mfugaji hata wakikutana kanisani.

Lakini asubuhi moja mvua ilimkuta Limi mlangoni, na Fausta hakuweza kumwacha aloane. Akamkaribisha chai. Limi alikunywa taratibu, akilishika bakuli kwa mikono yote miwili, kisha akasema kwamba nyumbani kwao mtu huamka na kusema "mwangaluka." Fausta akajaribu kulitamka. Alikosea vibaya, na Limi akacheka mpaka chai ikampalia. Tangu siku hiyo hakuondoka tena bila kuingia ndani. Mama yake alikuwa mbali, na kidogo kidogo ile "shikamoo mama" yake ikawa na uzito ambao Fausta aliusikia.

Kiangazi cha mwaka uliotangulia katazo la rambo kilikuwa kikali. Ng'ombe walishuka kutafuta majani pembezoni mwa mji, karibu na pale watu wanapomwaga taka. Asubuhi moja Limi alikuja kwa miguu, bila madumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo mikono mitupu?"

"Nyota amekufa."

Nyota ndiye aliyekuwa ng'ombe wake wa maziwa, mwenye baka jeupe usoni. Fausta alimvuta Limi akamketisha.

"Aliacha kula," Limi akaeleza. "Tumbo likajaa, likawa gumu kama ngoma. Bwana mifugo alikuja, akamchoma sindano, wapi. Walipompasua wakakuta rambo, mama. Zimejiviringisha zimekuwa kama mpira wa watoto. Nyeusi, za bluu, zote humo."

Kwenye kiti cha pili palikuwa na robota la rambo lililokwisha fungwa kwa ajili ya soko. Limi hakulitazama hata kidogo, na Fausta akajua kwamba hakulitazama kwa makusudi, ili asimwumize. Hilo lilimwuma zaidi kuliko kama angenyooshewa kidole.

"Ameacha ndama," Limi akasema. "Jike, bado ananyonya. Pastory amewapeleka wengine mbali kufuata majani, na mimi sina ng'ombe mwingine wa kumnyonyesha. Anasema tumpe mchinjaji, hatafika mbali."

"Mlete hapa," Fausta akasema.

"Hapa wapi, mama?"

"Hapa kwangu. Uani. Mlete kabla hujabadilisha mawazo, na kabla mimi sijabadilisha yangu."

Ndama alifika kwa bodaboda, amefungwa kanga kama mgonjwa, amelala mapajani mwa Limi huku kichwa kikining'inia begani kwa dereva. Majirani walitoka kutazama. Fausta alikuwa amepata maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe wa kisasa, akayatia kwenye chupa yenye chuchu ya mpira. Ndama akageuza uso. Limi akamwonyesha namna ya kuchovya kidole kwenye maziwa, kukiingiza mdomoni mpaka mnyama aanze kukinyonya, kisha kukitoa polepole na kuiweka chuchu mahali pake. Fausta alipouhisi ulimi ule wenye mikwaruzo ukimvuta kidole kwa nguvu yote iliyobaki, aliisogeza chuchu karibu.

"Anaitwa nani?" akauliza baadaye.

"Wale wa kwetu wana majina ya kwetu," Limi akasema. "Huyu analelewa mjini. Aitwe Magomeni."

Basi Magomeni akakulia uani, amefungwa kwenye mpapai, na Fausta akaendelea kwenda sokoni na robota lake. Angefanya nini? Alikuwa anauza rambo ili amnunulie maziwa mtoto aliyeachwa yatima na rambo. Jambo hilo alilijua alipoamka, akalijua alipolala, na sokoni alisikia sauti ya mfuko ukipanuliwa akageuza uso. Alianza kuokota kila kipande kilichopeperushwa mbele ya nyumba. Hata hivyo siku moja alimkuta Magomeni anatafuna kitu kwa utulivu, macho yamefumbwa nusu. Fausta alimpanua mdomo, akavuta. Ilitoka rambo nyeusi, ndefu, imelowa mate. Ilikuwa moja ya zake.

Siku hiyo aliondoa redio juu ya cherehani.

Katika gunia la Amon mlikuwa na mabaki ya vitambaa vya sare, kaki na bluu ya bahari. Fausta alipaka mafuta cherehani, akakanyaga pedali iliyokwisha kuwa nzito, akashona mifuko ya kwanza. Mishono ilipinda. Alikumbuka sauti ya mumewe akimwambia asiukimbize mkono, akaufumua mfuko wa kwanza na kuushona upya.

Sokoni hakuna aliyenunua.

"Mama Rambo," muuza nyanya mmoja alimwambia kwa upole, "nani atanunua mfuko wakati akija kwangu nampa rambo ya bure? Tena ile uliyoniuzia wewe."

Alirudi nayo yote. Alipoitua chini uani ili afungue mlango, Magomeni aliuvuta mmoja na kuanza kutafuna mkono wake wa kubebea. Fausta alisimama akimtazama, kisha kicheko kikamshika, akacheka peke yake mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Yared alimkuta katika hali hiyo hiyo, kati ya mifuko isiyouzika na ndama. Alikuwa ameleta maharage ya Kidete. Aliusimamisha mzigo mlangoni na kutazama uani.

"Dada, huyu wa nani?"

"Wa Limi, yule binti anayeniletea maziwa. Mama yake alikufa."

"Mama wa Limi?"

"Mama wa ndama, Yared."

Yared akavua kofia, akaivaa tena. "Umesahau shamba la baba?"

"Sijasahau. Lakini huyu hakuwepo." Fausta alikuwa anachanganya uji wa kumwongezea ndama, mikono yote imejaa pumba. "Nishikie hiyo chupa, maziwa yanapoa."

Yared aliishika chupa kwa mbali, kama mtu aliyepewa kushika kitu cha kuazima. Magomeni akaikamata chuchu na kumsukuma kwa paji la uso, akirudia na kurudia kama wafanyavyo ndama wakitaka maziwa yashuke. Yared akarudi nyuma, ndama akamfuata. Mwishowe alichuchumaa. Aliishikilia chupa mpaka ikaisha, na wakati wa kuaga hakumtaja mnyama. Lakini safari iliyofuata, pamoja na maharage, alishusha gunia la pumba. "Zilikuwa zinaharibika tu," akasema.

Kisha likaja tangazo la serikali. Kuanzia mwezi wa sita, rambo marufuku. Sokoni pakawa kama msiba. Watu walikaa kwenye mabenchi wakilaumu. Fausta aliyabeba marobota yaliyobaki, akaenda kuyakabidhi mahali walipoelekezwa. Njiani watu walimpa pole. "Pole Mama Rambo, pole sana." Akajibu ahsante akiwa ameinamisha uso, nao wakadhani analia. Kumbe alikuwa anaona haya, kwa sababu mwili wote ulikuwa mwepesi, na haikuwa vizuri kufurahi mbele ya wenzake waliokuwa na huzuni.

Juma lile watu walikuja sokoni na mikono mitupu kwa mazoea. Wengine waliondoka na nyanya kwenye pindo la kanga, mzee mmoja akabeba dagaa kwenye kofia yake. Fausta aliitandika mifuko yake ya kaki mbele ya miguu yake, na kabla ya mchana ikawa imekwisha, hata ule uliotafunwa mkono.

Akaanza kushona kwa bidii. Limi alikuja kumsaidia, mtoto wake mgongoni. Aligeuza mifuko na kuipiga pasi ya mkaa, huku akisimulia habari za Shinyanga. Fausta alimfundisha kukanyaga cherehani. Siku Limi alipomaliza mfuko wake mwenyewe, aliuvaa begani na kutembea uani kwa madaha, na Magomeni akamfuata nyuma akinusa.

Ndama akawa mtamba. Alikata kamba, akaingia kwenye mchicha wa jirani, akaumaliza. Ilikuwa zamu ya Fausta kuomba radhi kwa mazao yaliyoliwa, na aliomba kweli, kwa kupiga magoti. Alimweleza Yared kwa simu, na Yared akacheka kwa sauti ambayo dada yake hakuwa ameisikia tangu utotoni.

Pastory alikuja mwenyewe kumchukua mnyama. Alikuwa mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alivua kofia, akatoa shikamoo, akasimama. "Mama," akasema, "mimi nilishamhesabu amekufa." Fausta aliwasindikiza mpaka mtoni Mkondoa. Magomeni alikataa kuvuka. Ikabidi Fausta avuke kwanza, akiita, mnyama amfuate, halafu arudi peke yake. Aliporudi uani kulikuwa kimya, akaiwasha redio.

Mambo hayakukaa mazuri hivyo daima. Ikaingia mifuko myepesi ya kiwandani, inayofanana na kitambaa, na watu wakaikimbilia kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mifuko ya Fausta ikakaa tena. Alikuwa amekwisha kufikiri kuifunika cherehani, Angela alipompigia kutoka Mikumi.

"Mama, lete huku. Abiria wanashuka kwenye mabasi wananunua vitunguu, ile myepesi inapasuka kabla hawajarudi kwenye siti."

Fausta alikwenda, akasimama barabarani na bintiye siku nzima, akitazama watu wakikusanya vitunguu vilivyobingirika chini ya mabasi. Aliporudi Kilosa akabadilisha ushonaji: kitambaa kizito, mikono inayoshuka mpaka chini ya mfuko, na ndani ya kitako kipande cha gunia. Mfuko wa namna hiyo unabeba vitunguu, mchele na chupa ya mafuta, na mwenye nao anaweza kuufua. Ndio anaouza mpaka leo, Kilosa na Mikumi. Haujamtajirisha. Wapo wanaoupita na kununua ule mwepesi, naye huwaambia karibuni tena.

Limi na Pastory walihama. Malisho yalikuwa yamebana na maneno na wakulima yalianza upya, wakaamua kuelekea kusini na mifugo yao, upande wa Lindi. Waliagana Mikumi, pale mabasi yanaposimama. Vitu vya Limi vyote vya ndani, sufuria, nguo za watoto, picha ya mama yake, vilikuwa kwenye mifuko aliyoshona kwa mkono wake. Fausta alimwekea ubuyu na maandazi ya njiani.

"Mama, nikifika nitakupigia."

"Piga. Hata kama huna la kusema, piga."

Walishikana mikono dirishani mpaka kondakta akawaomba radhi ili basi liondoke.

Mwaka huu, mwanzoni mwa masika, Fausta alikuwa sokoni na cherehani yake, mteja mmoja amesimama akisubiri mfuko umaliziwe mkono, simu ikalia.

"Mwangaluka, mama!"

Fausta akaitika kwa Kisukuma, vizuri kabisa.

"Magomeni amezaa. Jike. Amezaa salama, amesimama, ananyonya mama yake. Ngoja, msikie." Ukafuata mchakacho wa majani, pumzi nzito, kisha mlio mwembamba, wa kukwaruza, kutoka huko kusini.

"Halo!" Fausta akasema kwa nguvu, sokoni katikati. "Halo! Umekuja, eh? Karibu!"

Mteja akamtazama. "Unaongea na nani, mama?"

"Na mjukuu," akajibu, akifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Limi alikuwa amerudi kwenye simu na sasa aliuliza jina, akisema huko hawathubutu kumpa jina mpaka yeye aseme.

"Nipe muda nifikirie," Fausta akamwambia. "Kuna mtu hapa anasubiri mfuko wake. Nikimaliza mkono huu nakupigia."