Mkono Uliokuwa Ukisinga Maharusi

Mimi Bi Zuhura wa Bububu, na wengi wenu wanawake mliomo humu mmepita mikononi mwangu. Mnacheka? Mnaocheka ndio wenyewe! Nilikuwa somo, kungwi wa maharusi. Bi harusi akiwekwa ndani naitwa mimi, nimsinge singo, ule unga wa manukato wa kusugulia mwili, kuanzia shingo hadi nyayo, huku nikimfunda mambo ambayo mama yake anaona haya kuyasema. Nilikuwa na mkono mzito na ulimi mkali, na kazi yangu nikiipenda.

Siku moja naoga, nikagusa kitu kwenye titi la kulia. Kigumu kama kokwa ya tende, wala hakiumi. Nikakipaka mafuta ya habbasoda, nikaendelea na harusi za watu. Miili yote ile nimeishika, wangu nikaupuuza! Mara ngozi ikaanza kuvutika kwa ndani, chuchu ikatoa maji ya damu. Hapo ndipo nikamwambia Raya, mdogo wangu.

"Dada, umenyamaza na hili?" Akaangua kilio.

Hospitali nilimkuta daktari msichana, mwenye adabu zake. "Bi Zuhura, hii ni saratani. Titi itabidi tulitoe, pamoja na tezi za kwapani."

"Na mkono utafanya kazi?"

Akatabasamu, akidhani natania. Sikuwa natania.

Nikakatwa. Zikaja dripu za dawa ya saratani, nikatapika mpaka nyongo. Nywele zikanyonyoka, na nyusi, kucha zikawa nyeusi. Kisha nikavushwa Dar es Salaam kwa mionzi, ngozi ikaungua ikawa inatoa harufu, na mimi mtu wa udi na asumini. Mume wangu, Mungu amjaze kheri, alininywesha uji kijiko kwa kijiko. Lakini kovu sikumwonyesha. Mpaka leo nalala na gauni.

Daktari akasema nimepona, alhamdulillahi. Ila mkono wa kulia ukavimba kuanzia begani mpaka vidoleni, na hata kukamua nazi ukashindwa.

Ikaja harusi ya Salma, binti wa Raya. Tangu mdogo nikimwambia, "Wewe nitakusinga mwenyewe." Raya akaja, akakaa kitandani, anachezea pindo la kanga.

"Dada, tumemwita Bi Mize wa Mkokotoni amsinge Salma."

"Kwa nini?"

"Huo mkono wako. Na upande wa bwana harusi wanasema ni mkosi, mtu aliyekatwa kumshika mwari."

"Na wewe wasemaje?"

Akajifunga kanga yake, akaondoka. Kisu cha hospitali hakikuniuma vile. Siku ya singo nilikaa jikoni napeta mchele, nasikia vigelegele chumbani, machozi yanaingia ungoni.

Fungate ilipokwisha, Salma akaja kwangu. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

Akafunga mlango. "Bi Mize kanifunda yote. Lakini nnataka kuona ulivyokatwa."

Wallahi nilikasirika. "Utaona nini? Hapana kitu!"

"Mimi damu yako. Nionyeshe."

Nililia sana, kisha nikafungua vifungo. Mtoto yule hakugeuza uso. Akaweka kiganja juu ya kovu, mahali ambapo hapajaguswa na mtu ila madaktari. Nikamwambia, "Vua na wewe." Kwa mkono wa kushoto nikauongoza mkono wake juu ya titi lake zima, mpaka kwapani. "Kila mwezi ukishatoharika na hedhi, jiguse hivi. Ukikuta kitu, kiume kisiume, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta."

Namshukuru Mungu nipo hai, namshukuru na mtoto yule. Lakini sitawadanganya kwamba nina furaha kama zamani. Sisingi tena, na jambo hilo linaniuma. Nikisikia vigelegele mtaa wa pili, nafunga dirisha. Anayepona saratani ana mambo mengi ya kulilia, basi mwacheni alie, msimwambie ashukuru tu.

Sasa maneno yamenitosha. Fungeni huo mlango, na wewe binti uliye mbele nisaidie vifungo, mkono huu hauwezi. Nianze mimi kuvua, kisha na nyinyi, mjiguse kama nilivyomfunza Salma.