Kidole cha Jirani

Nilitoka kijijini Kwai na begi moja la nguo. Nilirudi na stashahada ya teknolojia ya habari, nikafungua duka la kompyuta Lushoto mjini, nikajenga. Sikubebwa na mtu. Nayataja haya kwa sababu nilikuwa nayataja kila mahali, hata kwa mama yangu mzazi.

Mama ana kisukari. Nilimnunulia mashine ya kupima inayotuma majibu kwenye simu, nami nikawa nayapokea mjini kila asubuhi kabla ya chai. Wiki ya kwanza yalikuwa mabaya. Jumapili, ibada ilipokwisha, nilimsimamisha nje ya kanisa mbele ya akina mama wenzake wa kwaya, nikayasoma kwa sauti.

"Kumi na nne. Kumi na sita. Unakula nini, mama? Mimi nakuletea teknolojia, wewe unaniletea aibu."

Alitazama viatu vyake. "Nitajitahidi, baba."

Akajitahidi. Kabla wiki haijaisha namba zikawa tano na kitu, siku nenda siku rudi. Niliwaonyesha wateja. Nilimwonyesha mchungaji. Mama aliponipigia kusema ana kidonda kwenye kidole cha mguu na hakifungi, nilicheka.

"Sukari yako ni ya msichana, mama. Paka dawa, kitakauka."

"Haya," akasema.

Baada ya wiki kadhaa nilipanda Kwai asubuhi bila kumwarifu, nikimpelekea pumba za ng'ombe. Nilipofika mlango wa jikoni nilisikia sauti, nikachungulia. Mama alikuwa ameushika mkono wa jirani yetu, bibi wa Kiislamu ambaye wamekamua ng'ombe pamoja tangu sijazaliwa.

"Leo nipe wa kushoto," mama alisema. "Wa kulia nimeutoboa mno."

"Toboa tu. Mwanao asije akakusomea tena kanisani kama tangazo la ndoa."

Wakacheka wote wawili. Mashine ikalia, na simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Tano nukta nne.

Niliingia, na hata shikamoo niliisahau. Mama aliivuta khanga haraka akafunika mguu. Jirani hakuurudisha mkono wake.

"Usimkaripie," alisema. "Kidole ni changu. Nasikia umekisifia hadi kwa mchungaji."

Nilipiga magoti nikaifunua khanga. Kidole cha mguu kilikuwa cheusi, na harufu yake nimeshindwa kuiandika.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, baba," mama alijibu taratibu. "Ukasema sukari ni ya msichana."

Hospitalini walikikata kidole, mguu ukapona. Daktari aliuliza ni nani aliyekuwa akifuatilia vipimo vya mgonjwa. Mama aliniwahi, akajibu kwamba alikuwa akijipima mwenyewe na kosa ni lake. Nilisimama pale na stashahada yangu, nikamwacha anibebee lawama. Tulikuwa tumeshatoka chumbani kwa daktari ndipo nikarudi ndani kumweleza ukweli.

Siku alipotoka hospitalini nililala Kwai. Asubuhi alijitoboa mwenyewe mbele yangu, tukasubiri. Mashine ilipolia, mama hakuangalia namba. Aliniangalia mimi usoni, kama mtoto anayengoja kugombezwa.