Nilivyomlipisha mteja wangu mkubwa faida ya kuchelewa, kipindi cha waasi huku Uvira

Wakuu, za saa hizi? Leo naleta la kwangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mwenye kubisha aje Luberizi aulize mashine ya kukoboa mpunga iko wapi, atanikuta na vumbi kichwani.

Mimi ni binti, na shule niliishia katikati ya sekondari. Lakini ndoto nilikuwa nazo, na nilipoanza biashara ya mchele nilitaka mambo ya karatasi, kama watu wakubwa.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Papa Safari, mwenye depo ya mchele Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Mifuko ishirini ya kilo hamsini kila mwezi. Bila yeye, mashine inalala.

Tukaandika kwenye karatasi ya daftari: atakayechelewa, awe wa kuleta mchele au wa kulipa, kila juma anaongeza moja kwa mia. Akasaini huku anacheka.

Basi, waasi wakashuka, barabara ya kutoka Luberizi kwenda Kavimvira ikafungwa. Mchele wangu ukachelewa majuma mawili. Wa kwanza kuvunja mkataba nikawa mimi mwenyewe, minye!

Nilipofika depo nilishusha mifuko ishirini, na kamfuko kadogo ka kilo ishirini juu yake.

"Hii ya nini, mutoto?"

"Faida ya kuchelewa, Papa."

"Vita iko barabarani, nani alikuomba?"

"Karatasi iliniomba."

Alicheka mpaka akashika mzani.

Miezi minne baadaye mpaka ukafungwa, pesa zake zikakwama Bujumbura. Mimi namdai dola mia tisa za mchele, mafuta ya mashine yamekwisha. Juma la kwanza, la pili, la tatu.

Nikaandika facture, karatasi ya madai: dola mia tisa ishirini na saba.

Mama akashika kichwa. "Umeshafukuza mteja! Mutu wa Kavimvira alipishwe riba na mutoto wa Luberizi? Na kanisani utasema nini?"

Wakuu, sikula siku hiyo.

Papa Safari akaniita. Nikakuta wabadilisha pesa wamejaa kwenye mabenchi yake, na facture yangu iko mkononi mwake.

"Muone huyu! Mupaka imefungwa, yeye anahesabu majuma!"

"Mwambie akatafute bwana!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka wote.

Moyo wangu mlaini ukanisaliti. Nikasema, "Papa, kama ni sababu ya mupaka, tuache hiyo ishirini na saba."

Akaacha kucheka.

"Weye, barabara ilipofungwa, minye nilikuachia?"

"Hukuomba, Papa. Nilileta mwenyewe."

"Basi na minye naleta mwenyewe."

Akainama nyuma ya mzani, akatoa kamfuko kangu ka kilo ishirini. Uzi niliofunga kwa mkono wangu ulikuwa bado haujakatwa!

"Kila mwenye kuniletea mchele akichelewa na akasingizia vita, namuonyesha hii," akawaambia wale wa benchi. Kisha akahesabu mia tisa ishirini na saba, na akaniomba niandike karatasi nyingine nne kama ile, za wauzaji wake wengine.

Nilirudi Luberizi nikiimba. Mama alipoona pesa alisema tu, "Kumbe." Kwa mama, hiyo ni hotuba.

Nilichojifunza: faida ya kuchelewa si ugomvi, ila lipa ya kwako kwanza, hata kama haujaombwa. Hapo ndipo unapata mdomo wa kudai.

Sasa naota mashine ya pili.

Wafanyabiashara, nyie mnaandikaga nini kuhusu kuchelewa? Na mwenye kuniambia nakula riba, karibu pia, ila aanze kwa kutuambia yeye mwenyewe akichelewa hulipa nini.