Suruali ya Fundi Rangi

Wifi yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Povu. Anafua kwa mikono. Viganja vilimchubuka mpaka kushika chumvi ni kilio, na mgongo ndio usiseme. Alitaka mkopo anunue mashine ya kufulia, basi. Benki ikamdai hati ya nyumba. Sisi wapangaji, hati tuitoe wapi? Wakopeshaji wengine wakasema watamtuma afisa aje aone kama kweli ana wateja. Wakikataa na hao, imekula kwetu.

Sasa kaka yangu, mumewe, ana kiherehere huyo! Siku ya mgeni akazunguka kwa majirani kuazima nguo, ili uani paonekane pamejaa kazi. Majirani nao, nani atoe nguo chafu zikaonwe na mgeni? Wakaleta safi.

Afisa, dada mmoja mpole, akainua shati la juu kwenye rundo. Limenyooshwa pasi, mikunjo imesimama.

"Hizi ndizo za kufua?"

Kaka akaanza kukohoa. Wifi uso ukamshuka. "Dada, sikufichi. Hizo za kuazima. Za wateja ni zile pale."

Zile pale zilikuwa beseni moja tu. Nikajua kwisha habari yetu.

Mara akaingia fundi rangi, hata hodi hakupiga. "Mama Povu! Leo usinirudishe na suruali yangu! Kila nikija, eti mikono inauma!"

Nilitamani nimzibe mdomo kwa soksi. Lakini afisa akamgeukia. "Mbona hupeleki kwingine?"

"Nilipeleka! Rangi ikabaki palepale, na nikarudishiwa suruali ya mtu mwingine, tena fupi!"

Afisa akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamuuliza wifi, "Kumbe unawarudisha wateja?"

"Wengi, dada. Nitafanyaje?" Akamwonyesha viganja. Afisa alivitazama, akaandika kwenye fomu yake.

Ujumbe wa kukubaliwa ulipoingia kwenye simu, nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka na fimbo akidhani mwizi. Jamani, nilipumua!

Mashine ilianza na suruali ya fundi rangi. Ilipokuwa inazunguka, wifi alisimama pembeni, akakunja mikono, akaikunjua, akaifuta kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu.

"Wifi, sasa mimi nifanye nini?"

"Kaa," nikamwambia.

Akakaa.