Sikuzani na Moteri ya Tatu

Sikuzani alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, katika nyumba iliyonuka mazutu, yaani dizeli, tangu mlangoni. Baba yake alikuwa fundi wa injini za boti za bandarini, na binti ndiye aliyemshikia spana hadi akazitambua kwa kupapasa tu. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa aliajiriwa katika kituo cha umeme wa mazutu, pembezoni mwa mji. Sasa ana miaka ishirini na miwili hapo.

Kituo kina moteri tatu, injini za kuzalisha umeme, kila moja kubwa kama lori. Umeme mwingi wa Bujumbura hutoka kwenye mabwawa ya milimani, na mwingine kwenye mto ambao nchi jirani nazo zinautegemea. Maji yakipungua, au laini ya umeme ikikatika, mji hutegemea moteri hizo.

Asubuhi moja ya Machi, dhoruba iliangusha mnara wa nyaya huko milimani, mji ukazimika. Moteri mbili ziliwashwa upesi, umeme wake ukaenda hospitalini na kwenye pampu za maji ya ziwani. Mtaa wa Kamenge, soko, bandari, hata Kiriri kwenye nyumba za wakubwa, vyote vikabaki kungoja moteri ya tatu.

Mkuu wa kituo, injinia Zénon, alikuja mbio, simu sikioni.

"Mama Sikuzani, washa!"

"Bado, Shefu. Sijaipima."

Kila mara, kabla ya kuwasha, Sikuzani hufungua robine, koki ndogo iliyo juu ya kila silinda, akaizungusha moteri polepole kwa hewa ili aone kitakachotoka. Wenzake wengi walishaacha kufanya hivyo.

"Jana ilizimwa ikiwa nzima," Zénon alisema. "Muji muzima unanipigia simu!"

"Apana, Shefu. Mi siwashi bila kupima. Kama ni kunifukuza, unifukuze kesho."

Alisema hivyo kwa sauti tulivu, akafungua robine ya kwanza. Ilitoa hewa kavu. Ya pili vilevile, na ya tatu, hadi ya tano. Ya sita ikatema maji, yakamlowesha kifua chote.

Zénon alishusha simu. Alijua vizuri kwamba maji hayabanwi kama hewa. Kama wangewasha, moteri ingejivunja kwa ndani, na mji ungeikosa kwa miezi mingi.

"Kifuniko cha silinda kimepasuka, maji ya kupoza yanaingia ndani," Sikuzani alisema. "Cha akiba kipo. Nipe watu wanne."

Zénon mwenyewe alivua koti akawa wa nne. Walifungua, wakanyanyua kwa minyororo, wakasafisha, wakafunga upya. Danielle, mfagiaji wa kituo, aliwashikia taa na kuwapangia nati kwa mfuatano bila kuambiwa. Sikuzani hakula kitu. Alikaza kila nati, kisha akazirudia zote.

Saa moja jioni alipima tena. Silinda zote kavu. Moteri ilikohoa, ikatulia, ikanguruma. Muda si muda taa za Kamenge zikaonekana kwa mbali, na wafanyakazi wakapiga makofi. Sikuzani alikaa chini sakafuni akacheka hadi machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata Zénon alimwita ofisini.

"Mama, nataka ufundishe watu watatu hiyo kazi yako."

"Nitafundisha," alijibu, "lakini mumoja awe Danielle."

Zénon aliandika jina la Danielle juu kabisa ya karatasi.