Fomu Niliyoisukuma kwa Rula

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, jua la Tabora limeiva, mimi nimechuchumaa nyuma ya mlango wa ofisi yangu mwenyewe kama mwizi wa kuku. Sikuwa nimeiba kuku. Nilikuwa afisa mtendaji wa kata, mwenye cheti cha kidato cha nne na muhuri wa serikali, na niliyekuwa ninamkimbia ni mwanamke mmoja mwenye karatasi mkononi.

Cheka tu. Hata mimi ningekuwa wewe ningecheka. Lakini ukimaliza kucheka, kaa unisikilize, maana siku hizi naona kiti nilichokikalia mimi mnakikalia ninyi vijana.

Kata yenyewe iko magharibi ya mji, kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi iliyokuwa ikienda Ujiji. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mke wangu ana mimba ya pili, na kazi nilikuwa nimeipata baada ya kuisubiri sana. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi mkuu: rais, mbunge na diwani, wote siku moja. Kwa upande wa udiwani mimi ndiye niliyewekwa kuwa msimamizi msaidizi katika kata. Mgombea alitakiwa kunirudishia fomu yake kabla ya saa kumi jioni ya siku ya uteuzi. Saa kumi ikipita, asiyerudisha hayumo. Sheria ilikuwa hiyo, nami hata leo sioni ubaya wake. Kisu hakina kosa. Tazama mkono ulioshika mpini.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni diwani aliyekuwapo, mtu mpole aliyeonekana kijijini wakati wa misiba na wakati wa kura. Wa pili ni Mama Kalunde, mkulima wa karanga, mwimbaji wa kwaya ya Moravian, aliyekuwa amenizidi miaka kama kumi. Chama chake kilikuwa na bendera moja tu katika kata nzima, na aliishona mwenyewe. Lakini pampu ya kisima cha kata ilikuwa imekufa mwaka mzima, wanawake wakichota maji bwawani pamoja na ng'ombe, na kila mkutano Mama Kalunde alisimama kuuliza swali lile lile: pampu itatengenezwa lini? Watu wakaanza kukaa kimya anapoongea. Kimya cha namna hiyo huwatia wakubwa hofu kuliko kelele.

Asubuhi ya siku ya uteuzi gari likasimama mbele ya ofisi. Aliyekuwamo alikuwa mkubwa wangu kutoka wilayani. Jina lake nitaliacha. Ametangulia mbele ya haki, na huko anajibu mwenyewe. Hakushuka. Aliniita dirishani.

"Mtendaji, diwani wetu apite bila kupingwa."

"Mzee, yule mama amekamilisha kila kitu. Wadhamini wote wamesaini."

"Nimekuuliza habari za wadhamini?"

"Hapana, mzee."

"Saa kumi ikifika, uwe hujaonana naye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na kuna nafasi inatoka pale mjini, nadhani umesikia."

Gari likaondoka, likaniachia vumbi na methali.

Niliamua kutoroka kwa baiskeli baada ya chakula cha mchana. Lakini barabara ilikuwa moja, nami niliogopa kukutana naye njiani, nikawa nasema ngoja kidogo, ngoja kidogo. Saa nane nikasikia sauti yake uani. Nikafunga madirisha, nikatia komeo, nikachuchumaa.

"Hodi!"

Nikazidi kujikunja.

"Hodi humu ndani! Mtendaji, hodi!"

Alikuwa amekuja na Mzee Kapaya, mdhamini wake, mzee mkavu mwenye fimbo na masihara mengi. Nikawasikia wanakaa barazani. Nikasikia na karanga zinamenywa.

"Labda ametoka," akasema Mama Kalunde.

"Ametoka kwenda wapi? Baiskeli yake si hii hapa imeegemea ukuta?"

Mwanangu, ndipo nikakumbuka. Baiskeli nilikuwa nimeisahau nje.

"Basi amekwenda kwa miguu," akasema Mama Kalunde, na nikajua kwa sauti yake kwamba anatabasamu.

"Mtendaji huyu? Huyu kwenda chooni hupanda baiskeli!"

Walisubiri. Zaidi ya saa nzima walisubiri, nami miguu imekufa ganzi. Mlango ule ulikuwa wa mbao zilizopinda, chini umeacha uwazi wa vidole viwili. Saa tisa na nusu nikaona pembe ya karatasi inaingia. Ilikuja polepole mpaka ikagusa kiatu changu: fomu ya Mama Kalunde, jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa duara, na majina ya wadhamini, wengine wameweka dole gumba.

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuwa mtu. Ningeinama nikaiokota, ningeandika saa, ningegonga muhuri, yakaisha. Badala yake nilinyoosha mkono nikachukua rula mezani, nikaisukuma fomu ikarudi nje.

Barazani karanga zikaacha kumenywa. Fomu ikaingia tena. Nikaisukuma tena.

Mama Kalunde akacheka kicheko kirefu, cha mtu aliyeona jambo ambalo hakulitegemea kuliona duniani.

"Mzee Kapaya, umeona? Ofisi haina mtu, lakini ina rula!"

Hawakuondoka. Saa kumi na robo nilifungua mlango, maana nilijiambia kwamba sasa sheria imeshaamua, mimi simo. Mama Kalunde alisimama, akapangusa maganda ya karanga kwenye khanga yake. Hakuwa anacheka tena. Nikamwambia, kwa sauti ya ofisi, "Mama, muda umekwisha."

Akaikunja fomu yake. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, miezi kwa miezi, jua na njaa, mali isiyo yake, na aliifikisha. Wewe, mtoto wa watu, umeshindwa kufikisha karatasi kutoka mlangoni mpaka mezani."

Mzee Kapaya aliinuka. Alichukua fimbo yake wakaenda.

Nikaandika kwenye taarifa: *Hakurudisha fomu kwa wakati.* Diwani akapita bila kupingwa.

Ungedhani yaliishia hapo. Uongo, mwanangu, ni kama mchwa. Hauli ubao mmoja. Mama Kalunde alifungua kesi mjini, nami nikaitwa kutoa ushahidi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimejaza kitabu cha safari, nikaandika kwamba mchana ule nilikuwa kijiji cha mbali kwa kazi, nikakigonga muhuri. Nikashika Biblia nikaapa. Mama Kalunde hakuwa na wakili, alisimama kunihoji mwenyewe.

"Mtendaji, ulikwenda huko kwa chombo gani?"

"Kwa baiskeli."

"Ipi? Maana yako niliiegemea mimi."

Watu wakacheka. Nikasema, "Niliazima."

"Kwa nani?"

"Sikumbuki."

Hakimu alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliinua macho kutoka kwenye kile kitabu changu, akaniuliza mara moja tu: "Una hakika ulikuwa safarini?"

Wakati ule, mwanangu, nguvu yote ya mahakama ilikuwa imesimama juu ya ulimi wangu. Ingetosha kusema, "Hapana, mheshimiwa, nilikuwa nyuma ya mlango." Nilisema, "Nina hakika, mheshimiwa."

Kesi ikatupwa. Upande mmoja palikuwa na neno la mgombea na mdhamini wake, upande wa pili kiapo cha afisa na kitabu chenye muhuri. Simlaumu hakimu. Mahakama inaweza kufuta uchaguzi, lakini haiwezi kuona kilichokuwa nyuma ya mlango. Macho yake ni shahidi, na shahidi alikuwa mimi.

Nafasi ya mjini niliipata. Nilikaa mtaa wa Ng'ambo, kwenye ofisi yenye feni darini, nikapanda cheo, nikastaafu. Ile pampu haikutengenezwa kipindi chote kile, na miaka mitano wanawake wa kata ile waliendelea kusukumana na ng'ombe bwawani. Kila nilipofungua bomba nyumbani kwangu, mtaa wa Cheyo, nilijua maji yale yana mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda kwa Mama Kalunde. Sasa ni bibi kizee, macho yamefifia, ulimi haujafifia. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Marahaba. Umechelewa, saa kumi imepita," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono. "Msamaha nilikupa zamani, la sivyo uchungu ungeniua. Lakini msamaha wangu haukutengeneza pampu. Usinililie mimi. Nenda kawaambie hao vijana walioko ofisini."

"Watasema nachochea, mama."

"Na wewe uliishi maisha yako yote bila kuchochea. Umepata nini?"

Basi mimi hapa, nawaambia. Wapo watakaosema mzee huyu anachochea. Waje Cheyo waulize, nyumba yangu inajulikana, na safari hii sitajificha. Nimeiandikia mahakama ile ile barua ya kukiri kwamba niliapa uongo, nikaweka sahihi yangu. Jalada ni la zamani, huenda hakuna atakayelifungua. Wakitaka kunishtaki, wanishtaki. Nimeogopa miaka ya kutosha.

Ninalokuomba ni dogo. Ukipewa kiti cha kupokea fomu, pokea fomu. Iwe ya mtu unayempenda au usiyempenda, ya chama chenye magari au chenye bendera moja ya kushona. Ikiwa na kasoro, andika kasoro na usaini jina lako, mwenye nayo aende akakate rufaa. Kukataa kwa wazi kunaweza kuhojiwa, kujificha hakuhojiki. Ukipigiwa simu na mkubwa, mwambie akuandikie. Utaona jinsi wino unavyokuwa mgumu kwa watu hodari wa simu. Na ukisimama mbele ya hakimu, mpe ukweli wako wote, kwa sababu hukumu haiwezi kuwa safi kuliko ushahidi. Wakikutisha kwa ile methali ya mkuu na guu, wajibu kwamba mkuu aliyetajwa pale ni mwenye hekima, si mwenye gari. Mimi nilimsikia mwenye gari, na tangu siku ile ninachechemea.

Usidhani uchaguzi huibwa na watu wa mbali peke yao. Mara nyingi huanzia kwa kijana mwenye cheti na familia, asiyetaka matatizo. Nilikuwa yeye. Usiwe yeye.

Mungu akujalie kazi njema, mwanangu, na mkate wa halali mezani. Na siku kazi hiyo itakapokudai uongo, akujalie moyo wa kuiacha iende. Amina.